Re: Subaru WRX ya 2002 inamisi kwenye sileni (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) na kuchemsha ikipanda mlima

Salaam ssebo. Umesema inamisi (silinda inaruka bila kuchoma mafuta) asubuhi ikiwa baridi, kwenye jam ya Jinja Road iko sawa, ila ukipanda mlima geji ya joto inaruka. Basi feni iache kwanza. Feni mbovu ingekuchemshia kwenye jam.

Anza na gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Injini ikiwa imelala usiku kucha, iwashe na utazame chupa ya akiba ya maji. Mapovu yasiyokatika, na mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu kabla maji hayajapata moto, ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Kisha fungua plagi zote nne (betri na boksi la hewa vitakusumbua, vumilia). Plagi moja ikiwa safi kama imeoshwa, silinda hiyo inakunywa maji. Zote zikifanana, hamisha koili (inayoipa plagi umeme) ya silinda inayomisi uiweke kwingine. Misi ikihama nayo, koili imekufa.

Mapovu yasipokuwepo, huenda ni hewa iliyonaswa. Paki pua ikitazama juu, Kampala vilima havikosi, jaza maji kwenye tangi dogo karibu na tabo (turbo, inayosukuma hewa kwenye injini), polepole, skrubu ya hewa juu ya rejeta ikiwa wazi na hita ikiwa kwenye moto.

Na fundi akikushauri utoe thamostati, ile vali inayoachia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto, kataa. Inafunguka karibu nyuzi 78 za Selsiasi. Ukiitoa unaficha ugonjwa tu.

Usiikimbize hadi upime, hedi za aluminiamu hupinda haraka.