Maswali ya wasomaji: Fundi wa Kamukunji na binti anayechunguza chuma kwa kalamu

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni fundi wa vyuma hapa Kamukunji, na kazi yangu ni majiko, karai na patasi. Binti yangu anasomea shahada ya uzamili katika fizikia. Anasema utafiti wake ni wa kinadharia, nao unahusu elektroni zinazopenya vizuizi, namna joto linavyosafiri ndani ya maada, na usumaku. Nilipomwomba anionyeshe maabara yake, alinionyesha kompyuta na daftari. Sitaki kumvunja moyo, lakini naomba kuelezwa: mtu huchunguzaje chuma bila kukigusa? Na mambo hayo matatu yana uhusiano gani?
Baba wa mwanafunzi, Kamukunji

JIBU: Mzee wangu, tuanzie karakanani kwako. Mafundi wengi huko huwa na sumaku ya duara iliyotolewa kwenye spika mbovu, na skrepu ikiletwa huigusisha kwa kila kipande ili chuma kijulikane na alumini ijulikane. Siku utakapofua patasi, pasha chuma moto mpaka kiwe chekundu sana, kisha kisogezee sumaku uliyoifunga kwenye waya. Utaona kwamba hakivutwi hata kidogo. Ngoja kipoe, na kabla wekundu haujaisha wote kitaanza kuvutwa tena. (Usiiache sumaku yenyewe ipate moto, kwa maana nayo itapungua nguvu.) Kwa chuma safi badiliko hilo hutokea kwenye nyuzi 770 za Selsiasi, na halijoto hiyo huitwa nukta ya Curie, kwa jina la Mfaransa Pierre Curie.

Kinachotokea ni kwamba elektroni za chuma, yaani chembe ndogo mno zilizomo katika atomu zake, zina sifa iitwayo spini, ambayo huifanya kila mojawapo kuwa kama kisumaku kidogo sana. Katika chuma kilichopoa, visumaku hivyo huelekea upande mmoja kwa makundi makubwa. Joto likizidi huvurugwa, kila kimoja kikaelekea kwake. Lakini ni nini kinachovifanya vielekee upande mmoja hapo mwanzo? Hapa ndipo kalamu ilipotangulia maabara. Niels Bohr, katika tasnifu yake ya mwaka 1911, na Hendrika van Leeuwen mwaka 1919, walionyesha kwa hesabu peke yake kwamba kama elektroni zingetii kanuni za zamani za mwendo na umeme tu, basi maada yoyote iliyotulia katika halijoto yake isingekuwa na usumaku hata chembe. Kwa maneno mengine, kwa kanuni zile, sumaku yako ya spika haiwezekani. Nayo ipo. Kwa hiyo kasoro ilikuwa katika kanuni, na ilibidi kungojea mekanika ya kwanta, yaani kanuni mpya za mwendo wa vitu vidogo kama elektroni, hadi Werner Heisenberg alipoeleza, mwaka 1928, kwamba mpangilio ule hutokana na elektroni kusukumana kwa umeme huku zikifungwa na sharti la kutokukaa mbili katika hali ileile moja. Hakuna aliyehitaji tanuru ili kuligundua hilo, ingawa ni watu wenye tanuru waliokuwa wamekusanya vipimo vilivyohitaji maelezo.

Joto nalo unalijua kwa mikono. Alumini hupitisha joto wati 237 hivi kwa kila mita na kila digrii, shaba takriban 400, chuma cha pua cha kawaida kama 15 tu, na ndiyo sababu mpini wa chuma cha pua huvumilika mkononi kwa muda ambao wa alumini umeshakuunguza. Katika metali, wachukuzi wakuu wa joto ni elektroni zilezile zinazochukua umeme. Basi mtu angetarajia kwamba kitu kisichopitisha umeme hakipitishi joto pia, lakini almasi humkanusha: ni kihami cha umeme, na hupitisha joto mara tano hivi kuliko shaba. Ndani yake joto hubebwa na mitikisiko ya atomu inayosafiri kama mawimbi, ambayo wanafizikia huiita fononi. Atomu za kaboni ni nyepesi, zimeshikana kwa nguvu nyingi na zimepangwa kwa utaratibu, kwa hiyo mawimbi hayo hayakutani na vikwazo vingi.

Kioo ni kinyume chake, kwa sababu atomu zake zimekaa shaghalabaghala. Mwaka 1971 R. C. Zeller na R. O. Pohl walichapisha vipimo vya vioo vilivyopozwa hadi chini ya digrii moja juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, wakaonyesha kwamba joto halikupita kama lilivyotarajiwa. Kulikuwa na kitu kinachoyatawanya mawimbi hata katika baridi ambayo kila kitu kilipaswa kuwa kimetulia. Mwaka uliofuata Philip Anderson, Bertrand Halperin na Chandra Varma, na mbali nao W. A. Phillips, walitoa jibu moja: katika mpangilio ule wa ovyo zipo atomu, au vikundi vya atomu, zenye mahali pawili pa kukaa panapokaribiana kinishati, nazo huhama kutoka mahali pamoja hadi pengine kwa kupenya kizuizi kilicho katikati, bila ya kuwa na nishati ya kukipanda. Umeona, Mzee, kwamba kupenya vizuizi na usafiri wa joto tayari vimekutana katika kipande cha kioo.

Usumaku na kupenya vilikutana kwa namna iliyoleta faida kubwa zaidi. Chukua tabaka mbili za chuma, uweke kati yake utando wa kihami wenye unene wa nanomita mbili hivi, yaani sehemu mbili za milioni moja za milimita. Umeme haukupaswa kupita, lakini elektroni hupenya. Visumaku vya tabaka zote mbili vikielekea upande mmoja, elektroni nyingi hupita, vikipingana, hupungua. Mwaka 1975 Michel Jullière aliliona jambo hilo katika baridi kali, na mwaka 1995 wengine walilipata katika halijoto ya kawaida ya chumba, wakitumia utando wa oksaidi ya alumini. Tofauti ya ukinzani (jinsi umeme unavyozuiwa) kati ya hali hizo mbili ilikuwa ndogo, na hata baada ya miaka ya kuboreshwa haikuvuka sana asilimia 70.

Kisha, mwaka 2001, makundi mawili ya wanadharia, la William Butler na wenzake nchini Marekani na la George Mathon na Andrey Umerski nchini Uingereza, yalipiga hesabu kwa kompyuta, yakatangaza kwamba utando wa oksaidi ya magnesiamu ungefanya vizuri zaidi kwa kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana: zaidi ya asilimia 1,000. Sababu yao ilikuwa nzuri. Fuwele za oksaidi hiyo, yaani vipande ambavyo atomu zake zimepangika kwa safu, zinaweza kupangana na fuwele za chuma atomu kwa atomu, na utando uliopangika hivyo hufanya kazi ya chekeche: elektroni, ambazo nazo huenda kama mawimbi, zikiwa na umbo fulani la wimbi hupenya kwa wepesi, zile nyingine hufifia upesi, na katika chuma umbo hilo linalopita kwa wepesi hupatikana kwa spini za upande mmoja tu. Mwaka 2004 kundi la Shinji Yuasa nchini Japani na la Stuart Parkin huko Marekani yalitengeneza tabaka hizo na kupata takriban asilimia 200 katika halijoto ya chumba. Teknolojia hiyo iliingia kwenye vichwa vya kusomea diski ngumu za kompyuta.

Utasema 200 si 1,000, na ni kweli. Hesabu ilikuwa ya fuwele zisizo na dosari, ilhali tabaka za kweli zina atomu zilizokosekana na mipaka isiyonyooka, na halijoto huvuruga spini kama ulivyoona kwenye patasi. Kwangu mimi pengo hilo si aibu ya nadharia. Ndilo linalompa mtu kama binti yako kazi ya kufanya. Aibu ingekuwa kama wangekataa kutaja tarakimu.

Umuulize sasa anatumia njia gani. Yumkini atakutajia ile iliyotokana na makala ya Pierre Hohenberg na Walter Kohn ya mwaka 1964, na ya Kohn na Lu Jeu Sham ya mwaka 1965, ambayo badala ya kufuata kila elektroni peke yake hushughulikia msongamano wa elektroni zote kwa pamoja. Kohn alitunukiwa Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 1998, nayo ikawa ya kemia. Zipo programu za bure za kupigia hesabu hizo, na mwaka 2012 shule ya Kiafrika ya kufundisha mbinu hizo ilifanyika Eldoret. Kwa nchi ambazo mashine moja ya maabara hugharimu bajeti nzima ya idara, mlango huu una thamani kubwa kuliko watu wanavyoudhania.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Buruburu. Kama elektroni hupenya vizuizi, mbona mimi sijawahi kupenya ukuta wa bweni?

JIBU: Bweni lina mlango, kijana, lakini swali lako tutalipigia hesabu. Tuseme elektroni inakutana na kizuizi chenye unene wa nanomita 1, nayo imepungukiwa na nishati ya elektrovolti 1 (kipimo kidogo cha nishati kinachofaa elektroni) ili kukiruka. Kwa makadirio, uwezekano wa kupenya ni mmoja kati ya 28,000. Hilo ni jambo la kila mara, kwa kuwa elektroni hugonga kizuizi hicho mara nyingi mno kwa sekunde moja. Ongeza unene uwe nanomita 2, na uwezekano hushuka hadi mmoja kati ya milioni 800 hivi: unene umeongezeka mara mbili tu, uwezekano umeporomoka.

Sasa weka protoni, chembe ya ndani ya kiini cha atomu, mahali pa elektroni, kizuizi kikiwa kilekile cha nanomita 1. Protoni ina uzito wa elektroni 1,836, na uwezekano wake huwa mmoja kati ya tarakimu inayoandikwa 1 ikifuatwa na sifuri zipatazo 190. Hiyo ni protoni moja, na kizuizi hakionekani kwa macho. Wewe una protoni na nyutroni zisizohesabika, na ukuta una sentimita kumi na tano za mawe. Mwalimu wako wa hisabati akikufundisha vipeo hasi, mkumbuke ukuta huo.

SWALI: Flashi yangu ilikaa kabatini miaka mingi. Nilipoichomeka, faili nyingi zilikuwa zimeharibika. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue akaniambia elektroni zimetoroka. Alikuwa ananifanyia mzaha?
Msomaji, Pangani

JIBU: La, ingawa alikuwa mwepesi wa kuhukumu. Kila kijisehemu cha kumbukumbu katika flashi hufunga elektroni kidogo ndani ya kisiwa kilichozungukwa na kihami, na kuwapo au kutokuwapo kwake ndiko kunakosomwa kama data. Kuandika hufanyika kwa kuweka volti nyingi, kiasi cha 20, ambazo hukifanya kihami kuwa chembamba machoni pa elektroni, zikapenya. Ralph Fowler na Lothar Nordheim walieleza upenyaji wa namna hiyo mwaka 1928, zamani kabla ya kuwapo kwa flashi. Volti ikiondolewa, elektroni hubaki zimefungwa, lakini hazikufungwa milele. Kila mara unapoandika na kufuta, kihami hupata dosari ndogondogo, na kupitia hizo elektroni huvuja polepole, upesi zaidi mahali penye joto.

Kwa hiyo flashi iliyotumiwa sana kisha ikasahauliwa yaweza kupoteza data jinsi alivyosema. Hata hivyo, kabla hujamlipa, mwambie akague kiungio cha kuchomekea na kidhibiti kilicho ndani, kwa sababu hivyo navyo huharibika, na pengine elektroni zako bado ziko mahali pake zikingoja kusomwa.