Ada ya chuo Marekani: usiimalize yote kwa akaunti ya 529

Mkuu, umeuliza kama ada ya binti yako, dola 9,000, na chumba na chakula, dola 11,000, uvilipe vyote kutoka akaunti ya 529, ile ya akiba ya masomo, maadamu pesa zinatosha. Nakuomba usifanye hivyo. Mimi nilifanya kwa kijana wangu wa kwanza hapa Minnesota, na iliniuma.

Uzuri wa 529 ni kwamba faida iliyozaliwa humo haikatwi kodi ya serikali kuu ukiitumia kwa masomo. Lakini ipo nafuu nyingine, American Opportunity, inayopunguza kodi yenyewe unayodaiwa hadi dola 2,500 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, kwa miaka minne. Dola 2,000 za kwanza za ada unarudishiwa zote, na 2,000 zinazofuata unarudishiwa robo. Hata usipodaiwa kodi, unaweza kupewa hadi 1,000 mkononi. Sharti moja ni hili: dola ya ada iliyolipwa na 529 huwezi kuidai tena huku.

Chumba na chakula havihesabiwi kwenye American Opportunity, ila 529 inavikubali, mradi binti anasoma angalau nusu ya masomo ya mwanafunzi wa kutwa nzima. Basi peleka pesa za 529 huko kwanza: 11,000 zote, kisha 5,000 za ada. Zile 4,000 zinazobaki lipa kwa mshahara, au hata kwa mkopo wa mwanafunzi, maana nao unahesabika. Mke na mume mnaojaza fomu ya kodi pamoja, nafuu huanza kupungua kipato kikifika 160,000 na kwisha kabisa 180,000. Asiye na mwenza ni 80,000 hadi 90,000.

Aliyetujazia fomu ya kodi mwaka ule wa kijana wangu hakusema neno. Mwaka uliofuata mhasibu mwingine akatuambia bado tuna nafasi, kwa kuwa marekebisho hupokelewa ndani ya miaka mitatu. Tukajaza 1040-X, fomu ya kurekebisha kodi, na Fomu 8863, ya kudai nafuu hii, tukazitenga dola 4,000 za ada kana kwamba 529 haikuzigusa. Sehemu ya faida iliyokuwa ndani yake, kama 1,200, ikageuka kipato cha kijana, kwa sababu pesa zilikwenda moja kwa moja chuoni. Ile faini ya asilimia 10, inayotozwa faida ya 529 isipotumika kwa masomo, haikutugusa, kwani sheria inaisamehe pesa zikitengwa kwa ajili ya nafuu hii. Tukapata 2,500 zetu. Nilikaa jikoni na ile barua, nikafikiria wazazi wangapi wa kwetu wameziacha hizi.

Jambo jingine ni tarehe. Bili ya muhula wa Januari huja mara nyingi Desemba. Ukiilipa Desemba, toa pesa za 529 Desemba hiyohiyo, usingoje mwaka mpya. Risiti za zile 4,000 ziweke pamoja na fomu ya 1098-T, inayoonyesha ada iliyolipwa, ambayo chuo kitakutumia.