Kioo cha Boda Kinageuka Chenyewe: Mafundi Wajibu Wasomaji

Mafundi, salamu. Nina Boxer, kituo changu ni Malindi mjini na abiria wangu wengi ni wa Kakuyuni. Kioo cha kulia nakikaza asubuhi, nikifika Ganda kishaangalia chini. Jana nimekikaza zaidi, nati ikaanza kuteleza. Nifanyeje?
*Mwendesha boda, Malindi*

Ndugu, nati ikianza kuteleza weka spana chini. Kishikio cha breki, ambamo mguu wa kioo huingia, ni cha alumini, na uzi wa alumini ukishaliwa haurudi.

Kwanza jua kinachogeuka ni kipi, maana kioo hulegea sehemu tatu na kila moja ina dawa yake. Shika mguu wa kioo pale chini kabisa, kisha mkono wa pili utikise kichwa. Kichwa kikicheza na mguu umetulia, ni boljointi, yaani ile gololi inayogeuzia kichwa. Mguu ukizunguka na kishikio kimetulia, ni nati. Lakini mkono wa breki ukipanda na kushuka pamoja na kioo, kishikio chenyewe kimelegea kwenye hendo, na hapo hata ukaze nati mpaka Iddi hutapata kitu. Kishikio kina boliti yake ndogo, moja au mbili, kwa kawaida spana namba 8 au 10. Ikaze mpaka kishikio kisizunguke kwa mkono, uishie hapo. Pikipiki ikilala, ni heri kishikio kizunguke kidogo kuliko mkono wa breki ukatike.

Kama ni nati, kosa la wengi ni mpangilio. Mtu huzungusha kioo kizima mpaka kigote, akaona kinatazama kando, akakirudisha, halafu akategemea mguu ujibane wenyewe. Mguu haubani chochote. Kinachobana ni nati.

Inua kile kifuniko cha mpira. Ipandishe nati juu mpaka mwisho wa nyuzi. Ingiza mguu kwa vidole, bila spana, mpaka ugote. Vioo vingi vya boda ni M10 (unene wa milimita 10) yenye uzi wa milimita 1.25 kwa kila mzunguko, kwa hiyo mizunguko 8 inashuka milimita 10. Ukihesabu mizunguko mitatu ukakwama, usilazimishe: ama kuna uchafu ndani ya tundu, ama huo si uzi wake. Ukishagota, rudisha mguu nyuma mpaka kichwa kikutazame. Hautazidi mzunguko mmoja. Sasa shika mguu usigeuke, shusha nati kwa vidole mpaka iguse kishikio, kisha spana namba 14, robo ya mzunguko. Robo tu. Spana ndefu na nguvu za bega ndizo zinazokula nyuzi.

Barabara ikiwa ya vumbi na mawimbi, tia matone mawili ya gundi ya nyuzi, ile ya buluu, kwenye sehemu inayokaa nati. Nyuzi ziwe kavu, zimefutwa kwa petroli. Acha ikauke usiku kucha. Ile nyekundu iache dukani, kwa sababu siku ya kufungua utahitaji moto. Na tafadhali usiweke kipande cha tyubu chini ya nati. Tunakiona kila wiki. Mpira unabonyea, nati inahisi imekaza, baada ya kilomita kumi mpira umelala na nati iko huru.

Tukirudi kwako: nyuzi zako huenda zimeliwa zile tatu nne za juu tu. Mulika tundu kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi safi huko chini, tafuta kioo chenye mguu wa uzi mrefu zaidi, kitashika. Kama zimekwisha zote, fundi wa mashine anaweza kutoboa na kuweka springi ya nyuzi, yaani waya uliosokotwa unaokuwa nyuzi mpya, ambayo ni ngumu kuliko alumini yenyewe. Au nunua kishikio kipya. Kwa pikipiki ya breki ya waya si kazi kubwa. Karatasi ya sigara na waya wa shaba kwenye tundu vitakufikisha nyumbani, si zaidi.

Mimi shida yangu ni kinyume: kioo hakitoki kabisa. Kimevunjika nataka kubadilisha, lakini mguu umegandia, umezungukwa na unga mweupe. Nafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi.
*Msomaji, Gongoni*

Huo unga mweupe ni kutu ya alumini. Chuma cha mguu na alumini ya kishikio vikikaa pamoja vikalowa maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na unga unaotoka unajaa kwenye nyuzi mpaka unabana kuliko nati. Huhitaji hata kufanya kazi kwenye chumvi. Pikipiki inayolala karibu na ufuo hupata hivyo hivyo, polepole tu.

Sugua unga kwa brashi ya waya, nyunyizia mafuta ya kufungulia kutu, uache usiku mzima. Asubuhi chemsha maji birika moja uyamwage taratibu juu ya kishikio, si juu ya mguu. Alumini hutanuka kwa joto kuliko chuma, tundu linapanuka kidogo. Legeza nati kwanza, ndipo ugeuze mguu: kidogo kulegeza, kidogo kukaza, kulegeza tena. Ukisikia mlio wa kukwaruza, ongeza mafuta. Ukivuta upande mmoja kwa hasira, mguu utakatika ndani ya tundu, na hapo kazi inakuwa ya kutoboa.

Kabla ya kufunga kioo kipya, paka griisi nyembamba kwenye nyuzi, au ile gundi ya buluu. Nayo huzuia maji ya chumvi kuingia. Chagua moja. Ukipaka vyote viwili, gundi haitashika. Na ukitoka kazini osha pikipiki kwa maji baridi ya kawaida, uanzie pale chini ya kifuniko cha mpira, kwani ndipo chumvi inapojificha.

Kichwa cha kioo changu kinainama kila nikipita tuta. Mguu umekaza. Jirani ameniambia nimwage supaglu. Ni sawa?
*Dada mwenye skuta, Watamu*

Dada, usimwage. Ukikigandisha kichwa, siku kikigongwa na ukuta au mkono wa mtu hakitakunja, kitavunjika, au kitang'oa nyuzi huko chini.

Angalia nyuma ya kichwa. Vioo vingine vina nati ndogo na springi pale boljointi inapoingia. Ikaze robo mzunguko, ujaribu, uongeze. Kama kimefungwa plastiki tupu, boljointi imelainika kwa kugeuzwa geuzwa. Hapo supaglu inafaa, lakini kwa ujanja: geuza kichwa upande mmoja mpaka gololi ionekane, ipake utando mwembamba sana, kisha uendelee kukizungusha pande zote bila kusimama kwa dakika tano. Ikikauka huku inazunguka hugeuka ngozi nyembamba juu ya gololi, na kichwa kinakuwa kigumu bila kuganda. Ukisimama kujibu simu, umekwisha.

Ikiregea tena ndani ya mwezi, nunua jozi mpya.

Nimenunua kioo cha kulia cha Yamaha, hakiingii hata nusu mzunguko. Muuzaji anaapa ni saizi yake.
*Msomaji, Mokowe*

Huenda muuzaji hakudanganyi. Kwenye Yamaha nyingi kioo cha kulia kina uzi wa kushoto, yaani hukaza kwa kuzungusha kinyume cha saa. Sababu yake ni kwamba kioo kikigongwa kutoka mbele kinalegea na kuzunguka badala ya kuvunjika. Jaribu kuingiza kinyume kwa vidole. Kama uzi wa kioo ni wa kawaida na wa tundu ni wa kushoto, kirudishe dukani, au uulize adapta ya kugeuza uzi. Vilevile usichukue boliti ya M10 ya duka la vifaa vya ujenzi kujaribia tundu: nyingi ni za uzi wa milimita 1.5, zinaingia mizunguko miwili kisha zinachana nyuzi.

Vioo vyangu vimekaza kila mahali, lakini mwendo ukifika kama 60 sioni kitu nyuma, picha inatetemeka tu.
*Msomaji, Mambrui*

Hicho si kioo kilicholegea. Simamisha pikipiki, weka gia huru, ongeza mafuta polepole huku ukitazama kioo. Picha ikichafuka kwenye mzunguko fulani wa injini kisha ikatulia ukipita hapo, mguu wa kioo unacheza na mdundo wa injini. Anza na boliti zinazoshika injini kwenye fremu. Moja ikilegea, hendo zima hutetemeka. Kisha tazama ncha za hendo. Vile vyuma vizito vya mwisho, ambavyo wengi huvitoa wakibadilisha gripi wasivirudishe, kazi yake ni kutuliza hendo. Virudishe. Vioo virefu vya mapambo navyo vina mchango wake: mguu mfupi na mnene hutulia kuliko mwembamba wenye urefu wa dhiraa.