Penseli za wenzake mkobani

Dada yangu wa Nakuru, umeuliza ufanye nini na mwanao wa Gredi ya 4 ambaye kila wiki hurudi na penseli zisizo zake, huku mwalimu akisema malezi ni kazi ya nyumbani nawe ukiamini ni kazi ya shule. Kwa maoni yangu nyote wawili mmekosea kidogo, kwa kuwa mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, unataja uadilifu na uwajibikaji miongoni mwa maadili ambayo shule inapaswa kuyakuza, na vilevile unamtaka mzazi ashiriki. Usimwombe mwalimu amchape, maana kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Mwache mtoto azirudishe penseli hizo kwa mkono wake mwenyewe, nawe usimame kando bila kumsemea. Wangu alifanya hivyo hapa Kisumu, akalia njia nzima hadi mtaa wa Kondele, na sikumbembeleza. Kisha jichunguze: muuza mboga akikupa chenji iliyozidi mbele ya mtoto, huwa unaitia mfukoni? Anakutazama. Kwa wiki chache, kagueni mkoba pamoja kila jioni, bila makelele, na umweleze mwalimu mlikofikia.