Nilisema Usugu, Yeye Akasikia Mwili

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mama mmoja aliyehudhuria mhadhara wangu kuhusu antibiotiki, yaani dawa za kuua vimelea vya bakteria. "Daktari," aliandika (mimi ni mfamasia, lakini jambo hilo nimechoka kulisahihisha), "asante sana kwa somo. Mwanangu nimemkatisha dozi siku ya tatu, ili mwili wake usijenge usugu." Niliusoma mara tatu. Nilikuwa nimezungumza saa nzima, kwa picha na majedwali, nikapigiwa makofi ambayo, nakiri, nilikuwa bado nayafurahia moyoni, kumbe kuna mtoto aliyekatishwa dawa kwa sababu yangu.

Hasira yangu ya kwanza niliielekeza kwa jamii. Nilijiambia kwamba watu siku hizi huchota maarifa juujuu, husoma mistari mitatu kwenye simu na kujihesabu wajuzi. Sijaiacha kabisa imani hiyo. Katika mhadhara uleule bwana mmoja alisimama akanieleza, mbele ya watu wote, kwamba mafua makali yanataka antibiotiki kali, na nilipomjibu kwamba mafua huletwa na virusi, ambavyo dawa hizo haziviui, alitabasamu kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kufundishwa. Tabasamu lile halijanitoka.

Mama yule, hata hivyo, hakuwa mtu wa juujuu. Nilimwona akiandika daftarini tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipoyapitia upya maandishi yangu, niligundua kwamba neno "usugu" lilikuwa karibu kila ukurasa bila kufafanuliwa hata mara moja. Kwangu mimi, sugu ni vimelea: dawa huua vilivyo dhaifu, vinavyosalia ni vile vyenye uwezo wa kuihimili, na hivyo ndivyo vinavyoendelea kuzaana. Kwake, kama kwa wote wasemao kwamba mwili umeizoea dawa, anayekuwa sugu ni mgonjwa. Nami nilikuwa nimesisitiza kwamba matumizi ya kupita kiasi huleta usugu. Ukiyaunganisha hayo mawili, kukatisha dozi ni hitimisho la mtu mwenye akili timamu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu nilikuwa nalo. Katika mhadhara wake wa Nobel mwaka 1945, Alexander Fleming, aliyegundua antibiotiki ya penisilini mwaka 1928, alionya kwamba mtu anayejipa dozi pungufu huvifundisha vimelea kuihimili dawa. Ukurasa wenye onyo hilo niliuruka, maana muda ulikuwa umekwisha, baada ya kuutumia kueleza nilikosoma na shahada nilizonazo.

Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton aliwaomba watu wagonge mezani midundo ya nyimbo maarufu ili wenzao wazitambue. Wagongaji walitarajia kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilizotambuliwa zilikuwa 3 tu. Mgongaji huusikia wimbo mzima kichwani mwake, na msikilizaji husikia meza. Mimi niligonga meza saa nzima.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, wewe ambaye bila shaka nawe hualikwa kuwaelimisha wengine, litafute lile neno ambalo huoni haja ya kulieleza, ulieleze kwanza. Kisha mwombe msikilizaji akurudishie maana yake kwa maneno yake mwenyewe, na usiridhike anapoitikia kwa kichwa, kwa kuwa watu huitikia kwa adabu. Eleza neno, nasema tena, kabla ya kuonyesha majedwali.

Nilimpigia simu mama yule jioni ileile, nikamsihi amrudishe mtoto kwa daktari aliyemwandikia dawa, kisha nikamweleza kwamba wanaokuwa sugu ni wale wadudu, si mtoto wake. Akanyamaza kidogo.

"Kumbe ni wadudu," akasema. "Sasa mbona siku ile hukusema hivyo, Daktari?"