Toa fungu la paka kabla kitunguu hakijaingia sufuriani

Watu wananiuliza sana paka wangu wanakula nini mpaka manyoya yanang'aa vile, na nikiwaambia dagaa na kuku hawaamini, wanadhani nanunua chakula cha pakti cha bei mbaya. Chakula cha pakti kipo na ni kizuri, ila kwa wengi wetu bei yake haishikiki, kwahiyo paka wa uswahilini anakula tunachokula sisi, na hilo peke yake wala sio tatizo. Tatizo ni muda unaomtolea fungu lake. Wengi wanamtolea mwisho kabisa, chakula kimeshaungwa, kina chumvi, kina pilipili, na kubwa kuliko yote kina KITUNGUU.

Jamani kitunguu ni sumu kwa paka. Kitunguu maji, kitunguu saumu, majani ya vitunguu, vyote. Kinaharibu chembe nyekundu za damu, zinapasuka, paka anaishiwa damu wakati hana hata mkwaruzo mwilini. Na usijidanganye kwamba kikiiva sumu inaisha, haiishi, kiwe kibichi, cha kukaanga au cha unga ni kilekile, tena cha unga ndo kikali zaidi kwasababu kidogo tu kimebeba kitunguu kingi, na viungo vingi vya mchuzi vya pakti vina huo unga, geuza pakti usome. Gramu 5 tu za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa paka zinatosha kuharibu damu yake. Paka wetu hawa wengi wana kilo 3 hivi, maana yake gramu 15, yaani hata kitunguu kimoja kidogo hakijaisha. Na anayepewa kidogo kidogo kila siku naye anaumia, madhara yanajikusanya.

Nimeona kwa jirani yangu. Alikuwa na paka dume mmoja mzuri sana, kila jioni anawekewa wali na rojo la samaki, roho safi kabisa maana yule mama anampenda paka wake kama mwanae. Paka akaanza kulala tu, akipanda ukuta mdogo anahema, jirani akasema ni minyoo. Nikamshika nikamfungua mdomo, fizi nyeupe pee, hazina damu kabisa, na mama akaniambia mkojo nao umegeuka kahawia. Nikamwambia mama huyu sio wa dawa ya minyoo, mpeleke kwa dokta wa mifugo leoleo. Kufika kule swali la kwanza dokta anauliza, anakula nini? Alipona lakini taratibu sana, na mchuzi ukapigwa marufuku. Kinachowapoteza watu ni kwamba dalili hazitokei siku ileile, zinaweza kuja baada ya siku kadhaa, wakati huo kile chakula umeshakisahau.

Sasa mimi nafanya hivi. Dagaa nawatoa vichwa, naloweka maji ya moto, naosha mpaka chini ya bakuli pasibaki mchanga, maana dagaa wa Mwanza wengi wanaanikwa chini kwahiyo mchanga hauepukiki, na hawa wa baharini wanaochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa nawaloweka zaidi, namwaga maji, naloweka tena. Nabandika na maji matupu, HAKUNA chumvi. Wakishachemka nachota fungu la paka pamoja na supu yake naweka pembeni ipoe, nafunika, ndo sasa naendelea na kitunguu na nyanya zetu. Kuku hivyohivyo, samaki hivyohivyo. Haiongezi hata dakika tano za mapishi.

Ile supu usiimwage. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha, lazima akipate kwenye nyama au samaki, na ukichemsha nyama kingi kinahamia kwenye maji. Akikikosa muda mrefu moyo unatanuka na kudhoofika, na macho yanaharibika mpaka anapofuka. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis ndo walionyesha kwamba paka waliokuwa wanakufa kwa ugonjwa huo wa moyo walikuwa na upungufu wa taurini, na hao walikuwa wanakula vyakula vya viwandani, sio makombo! Kwahiyo ugali mtupu au wali mtupu sio sumu lakini unamjaza tumbo bila kumlisha. Changanya kidogo kama huna budi ila nyama iwe nyingi kuliko ugali. Ukienda kwa wauza kuku waambie wakuwekee mioyo, ina taurini nyingi na kwa kawaida bei yake ni nafuu kuliko mapaja, ambayo nayo ni mazuri kuliko kidari.

Samaki mbichi watu wengi wanaona ndo chakula asili cha paka. Akidokoa siku moja hamna shida, lakini ukimpa mabichi kila siku, hasa matumbo na vichwa vya sokoni, baadhi ya samaki wana kitu kinachovunja vitamini B1, mwisho paka anaanza kuyumba, shingo inainama kichwa kinaingia kifuani, anapata degedege. Ukichemsha hicho kitu kinakufa. Ila kwa wa Pwani, bunju, yule samaki anayejivimbisha kama mpira, hachemshwi wala hakaangwi akafaa, sumu yake haiondoki kwa moto, na wavuvi wakimtupa ufukweni paka anamwokota, kwahiyo ukimkuta mzike.

Maini mpe mara mojamoja, kila siku vitamini A inazidi na mifupa ya shingo inaota na kugandana. Mifupa iliyopikwa usimpe, inachongoka inamtoboa. Maziwa ya ng'ombe paka wengi wakubwa hayawakubali, wanaharisha, na kwa kitoto kuharisha ndo kifo chenyewe. Yai la kuchemsha sawa. Chokoleti, kahawa, majani ya chai, pombe, unga wa maandazi uliotiwa hamira ambao haujaiva, weka mbali. Zabibu pia simpi.

Na naomba sana hili, hata kama sio chakula: USIMPE PAKA PANADO. Namaanisha paracetamol ya aina yoyote, nusu wala robo. Ini la paka haliwezi kuivunja, kidonge kimoja kinaweza kumuua, uso na miguu inavimba, fizi zinakuwa za bluu au kahawia, hawezi kupumua. Watu wanampa kwa huruma wakiona ana homa.

Akila kitu kibaya usimnyweshe mafuta, yanaweza kuingia kwenye mapafu, wala maji ya chumvi ili atapike, chumvi nayo ni sumu ikizidi. Chukua pakti au bakia la hicho alichokula, nenda nalo kwa dokta mapema, usisubiri dalili.

Kwa paka aliyezoea mchuzi najua atasusa, atakaa mbele ya hilo bakuli analia tu. Mimi nawapashia supu kidogo ili harufu itoke, au nasaga dagaa mmoja mkavu asiye na chumvi nanyunyizia juu, huwa wanakubali. Usimshindishe njaa eti atakula akizidiwa, paka asipokula siku mbili tatu, hasa akiwa mnene, mafuta yanajaa kwenye ini na anaweza kufa kwa hilo tu, kwahiyo siku ya pili ikipita hajagusa kitu mpeleke akaonwe.