Usimchague mpokeaji kwa rangi ya kijani peke yake

Umeuliza kama umwanzishe mpokeaji (mdaka pasi) wako wa tatu kwenye fantasy football, mchezo wa kuunda timu ya wachezaji halisi wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, kwa kuwa programu inaonyesha kwa kijani, yaani mechi rahisi, kwamba mpinzani wake ni wa 32, wa mwisho, kwa kuzuia wapokeaji. Namba hiyo usiiamini sana kabla ya wiki ya 5. Mechi mbili dhidi ya makotabeki (warusha pasi) wakali zinatosha kuivuruga.

Cha kwanza ni pasi anazorushiwa. Mwenye 8 kwa mechi anaanza hata ulinzi ukiwa mgumu. Mwenye 3, ulinzi mbovu haumwokoi. Wakilingana, hapo ndipo ulinzi uamue.

Halafu angalia mpokeaji wako anasimama wapi: pembeni mwa uwanja au ndani, karibu na katikati. Patrick Surtain II wa Denver, mchezaji bora wa ulinzi NFL msimu wa 2024, mara nyingi hukabidhiwa mpokeaji mkuu wa pembeni wa wapinzani, ila ni nadra kumfuata akiingia ndani. Kwa hiyo anayecheza sana ndani usimwogopee, na mpokeaji wa pili wa timu inayocheza na Denver huenda akarushiwa zaidi. Kwenye PPR, yaani ligi inayotoa pointi 1 kwa kila pasi inayodakwa, pasi fupi 6 za jumla ya yadi 50 ni pointi 11 (6 za kudaka na 5 za yadi) bila hata touchdown.

Upepo mkali unawaumiza zaidi wale wa pasi ndefu. Angalia utabiri Jumapili asubuhi.